Kifungu cha Mabaki

Sekela alimwamkia shikamoo mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimwombea mabaya tangu yupo darasa la tatu, na mtu huyo akaitikia "marahaba" bila hata kumtazama.

Ndivyo malezi yanavyomponza mtu. Mdomo ulishafundishwa mapema: ukiona mvi, toa shikamoo, hata kama mkono unatafuta jiwe. Na Mzee Lwitiko Mwankenja alikuwa na mvi za kutosha kuamkiwa na mkoa mzima. Alikuwa na tumbo lililotangulia mbele kumkagulia njia, koti la sufu la bei mbaya, na nyuma yake, kwenye yadi ya forodha ya Mkalanga, malori yake ya matangi yalikuwa yamejipanga yenyewe bila madereva, yakipumua polepole ndani ya ukungu kama ng'ombe walioshiba.

"Wewe ndiye mwainishaji?" aliuliza mzee.

"Ndiye mimi."

"Mbona mtoto?"

"Wakubwa wamekwenda kunywa chai, mzee. Wameniachia nchi."

Mwankenja akacheka. Watu wote walicheka Sekela akifungua mdomo. Lilikuwa jambo lake tangu utotoni, na sekondari halikumwacha. Siku aliyoingia bwalo la chakula kusema bweni linaungua, wenzake walicheka mpaka moshi ulipoingia na kukaa nao mezani. Sura yake ndivyo ilivyoumbwa: nyusi zilizopanda juu, pembe moja ya mdomo iliyokataa kutulia. Angeweza kutangaza msiba watu wakashika mbavu.

"Haya, nchi," alisema mzee akijifuta machozi. "Onja dizeli yangu nijiondokee. Baridi hii si ya watu wa umri wangu."

Sekela aliliona jina lile asubuhi kwenye kioo cha mizigo inayotarajiwa, na chai yote ikaishia kwenye sketi. Tangu hapo alikuwa akijiambia: tulia. Tulia, mwana wa Anyosisye. Usimrukie mtu shingoni ukiwa umevaa sare ya serikali.

*

Katikati ya kaunta, ndani ya bakuli la kioo, ulilala Ulimi.

Ulikuwa kipande cha nyama kilichokuzwa maabara, cha rangi ya waridi lililochakaa, ukubwa wa ulimi wa ng'ombe, na kama ulimi wa ng'ombe ulikuwa na vipele vyenye ukakasi ambavyo kila kimoja kilijua kitu. Kimoja kilijua salfa. Kingine kilijua mafuta ya mbono yaliyokamuliwa kwa mkono. Kingine kilijua harufu ya uongo wa mtu aliyechanganya mafuta ya taa kwenye dizeli akidhani forodha wana mafua. Chini ya bakuli kulikuwa na spika ndogo, na ndani ya spika sauti isiyo ya mwanamke wala ya mwanamume, yenye adabu ya mhudumu wa benki.

Kila dizeli iliyovuka mpaka ilionjwa, maana siku hizi dizeli si moja. Kuna iliyochimbwa ardhini, ambayo ushuru wake unang'oa jino bila ganzi. Kuna iliyotokana na mimea, ambayo ushuru wake mtu anaulipa huku ananung'unika lakini analala. Na mwisho kabisa wa orodha kipo kifungu ambacho watu hawakisomi kwa sababu macho huwa yameshachoka: mabaki. Mabaki hayalipiwi ushuru.

Kazi ya Sekela ilikuwa kuulowanisha Ulimi kwa maji ya chumvi, kuudondoshea tone, kuusikiliza, kisha kukubali au kukataa. Hiyo ya kukubali na kukataa ndiyo iliyokuwa kazi hasa, kwa sababu Ulimi ulijifunza kwa maafisa. Neno la afisa mmoja kwenye kaunta moja, likishapigwa muhuri, liligeuka funzo. Jioni ndimi zote za mpakani, kuanzia ziwani hadi baharini, ziligawiana mafunzo ya siku. Ukiamka asubuhi, ulichokisema wewe Mkalanga huku umejikunyata kwa baridi ndiyo kanuni ya kila geti. Wakufunzi waliwaambia siku ya kuapishwa: mkiongea na Ulimi, ongeeni kama mnaongea na watoto wenu. Sekela akajibu kwamba yeye hana mtoto, labda auimbie. Darasa zima likacheka, mkufunzi naye.

Sasa alidondosha tone la Mwankenja.

Ulimi ulijikunja kidogo, ukajinyoosha. "Dizeli ya kuchachushwa," ulisema. "Imezalishwa na chachu hai, kutokana na maganda ya kahawa. Haijachujwa. Mashapo ni mengi. Inaingia kifungu cha dizeli ya mimea. Inaingia pia kifungu cha mabaki. Mwenye mzigo achague."

"Haijachujwa?" Sekela aliuliza. "Mzee, tajiri kama wewe unakosa chujio?"

"Chujio la nini? Jenereta linakunywa hivyo hivyo, halijawahi kulalamika." Mzee aliegemea kaunta. Kuna kitu kilikuwa kimemwamsha. "Hebu rudia, binti. Hicho kifungu cha pili. Ushuru wake ukoje?"

"Hakuna."

"Kidogo tu?"

"Hata wa dawa."

Mwankenja aliutazama Ulimi kwa mapenzi ambayo pengine mkewe hajayaona tangu harusi. Kwa kawaida mtu wa kiwango chake angekuwa na wakala wa forodha pembeni, kijana wa tai, wa kumvuta sikio na kumnong'oneza. Lakini tangu liruhusiwe tamko la mdomo, mzee aliwafukuza mawakala wote. Kwa nini amlishe mtu wa kumsemea, wakati mdomo anao?

Sekela aliinamia bakuli ili asimtazame usoni. Maana yeye alikijua kifungu cha mabaki hadi nukta yake ya mwisho. Alikijua tangu darasa la tatu.

*

Baba yake, Anyosisye, alikuwa na kinu cha kukamulia mbono pale Isuto. Kinu cha chuma, chenye parafujo nene kama paja, alichokiunda mwenyewe kutokana na vyuma vya daraja lililosombwa. Dizeli yake ilikuwa na ukungu kidogo lakini iliwasha mashine za kusaga za kata nzima na za ng'ambo ya mpaka, na mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akiwauzia watu wale wale dizeli ya matangi aliona wateja wanapungua. Mfanyabiashara hakuja kugombana. Alikwenda kumwona afisa, wakanywa soda, na mara iliyofuata madumu ya Anyosisye yalipofika mpakani yakaainishwa kuwa mabaki.

Anyosisye alifurahi. Aliambiwa halipi kitu.

Kilichofuata kipo kwenye sehemu ya chini ya kifungu. Mabaki huingia bure, lakini mtambo unaozaa mabaki matupu ni mtambo mchafu, na mtambo mchafu huvunjwa. Haufungwi, haupigwi faini. Huvunjwa na mwenyewe, kwa nyundo, kwa mikono yake, shahidi wa serikali akiwa amesimama pale mpaka kipande cha mwisho. Walioiandika sheria ile bila shaka walikuwa na sababu nzuri, na viti vizuri.

Sekela alikuwa na umri wa kushika koti la baba yake kwa nyuma, na ndivyo alivyofanya siku nzima, huku mwili ule ukitikisika kila chuma kilipogonga chuma. Baba hakulia. Angelia, labda Sekela angesamehe. Alichofanya ni kuomba radhi. Kila pigo, "samahani". Alikuwa anakiambia kinu.

Tangu siku hiyo Anyosisye hajaunda kitu. Baiskeli ikikatika mnyororo, anaiegesha ukutani na kutembea kwa miguu.

*

"Basi andika mabaki," Mwankenja alisema.

Sekela alikuwa na njia mbili, na zote alizipima pale pale huku akijifanya anapangusa bakuli.

Angeweza kunyamaza. Lakini Ulimi ungeuliza, kama unavyouliza kila mara kabla ya muhuri, kama mwenye mzigo ameelezwa matokeo. Na yeye aliapa. Akisema ndiyo bila kumweleza, jioni ndimi zote zingejifunza kwamba kunyamaza ni kueleza, na huo haungekuwa utani tena.

Au angeweza kumweleza. Mzee angeshtuka, angebadili tamko, angelipa, angekwenda zake na tumbo lake.

Ndipo pembe ile ya mdomo ikacheza, na Sekela akaiona njia ya tatu, imenyooka, imefagiliwa.

Akapandisha nyusi. Akaegemea kaunta kama mtu anayesimulia mchezo wa mpira.

"Ila mzee wangu, ukichagua mabaki ujue umejichumia janga. Unapewa nyundo, hii ya kilo nyingi, si ya kugongea misumari ya picha. Unakwenda kwenye mtambo wako, unavunja mapipa yote, moja moja, kwa hiyo mikono laini. Na mimi nakuja na kiti changu, nakaa, nakushangilia. Ukichoka nakupigia vigelegele."

Kila neno lilikuwa la kweli. Hata kiti.

Mwankenja alicheka mpaka akashika ukingo wa kaunta. Alicheka mpaka ndani ya koti kitu kikaanza kukohoa. "Nyie watu wa forodha!" alisema alipopata pumzi. "Enzi zetu afisa akitaka kitu alikohoa tu. Mtu unaelewa, unaingiza mkono mfukoni. Nyie wa siku hizi mpaka mtishie nyundo! Sema, binti. Unataka nini?"

"Sitaki kitu, mzee. Nataka uvunje mtambo."

"Mtoto huyu!" Alikuwa anafuta macho kwa leso. "Mtoto huyu atakuja kuniua. Gonga muhuri, gonga."

Yule aliyewahi kununua kifungu hiki ili mwenzake avunjiwe, hakuwahi kuuliza kilikuwa kinafanyaje kazi. Alinunua matokeo, akaenda kulala.

"Mwenye mzigo ameelezwa matokeo?" uliuliza Ulimi.

"Ameelezwa," alisema Sekela.

Kwa kawaida hapo ndipo taa inapogeuka kijani. Safari hii haikugeuka. Ulimi ulikuwa na tabia hiyo, mara moja moja, ya kuchipusha swali jipya.

"Mwenye mzigo anacheka," ulisema. "Je, huko ni kuelewa?"

Sekela alimtazama mzee. Alikuwa ameshawageuzia mgongo, anayapungia malori yake leso kana kwamba yana macho.

"Ndiyo," alisema Sekela.

Taa ikawa kijani.

*

Alimpigia baba yake simu akiwa bado amesimama.

"Baba, kesho vaa koti zuri. Nakuja kukuchukua."

"Tunakwenda wapi? Nina kikohozi."

"Tunakwenda kumwangalia Mwankenja akivunja mtambo wake."

Upande wa pili akasikia kuku wa jirani.

"Nani kamfanyia hivyo?" aliuliza Anyosisye.

"Kajifanyia mwenyewe. Amechagua kifungu kwa mdomo wake, baba. Kwa mdomo wake! Mimi nimemweleza kila kitu."

"Umemweleza."

"Neno kwa neno."

"Ulimweleza kwa sauti ipi? Ile ya kwako ya siku zote?"

"Sheria haina habari na sauti."

"Mimi ninayo," alisema baba yake. "Nimekulea na hiyo sauti. Ulipovunjika mkono ulikuja kuniambia nikacheka."

"Baba, yule ni Mwankenja." Sekela aliona anapaza sauti, akaipunguza. "Wewe hutaki kuona? Hata kwa mbali? Hata ukiwa umekaa garini?"

"Sijui ninachotaka, mwanangu. Nilikuwa nimekaa hapa nakula kiazi." Akakohoa. "Koti lenyewe limeliwa na mende."

Akakata simu. Sekela akaitazama kama imemtukana. Akaamua kwamba anafurahi. Kupitia kioo alimwona Mwankenja ameketi kwenye kantini ya yadi, mbele ya bakuli la supu na chapati tatu, akisubiri malori yapangiwe zamu ya kutoka. Kula, alimwambia kimoyomoyo. Kula vizuri. Nyundo inataka nguvu.

*

Aliyefuata kwenye foleni alikuwa mama mmoja mwembamba mwenye khanga mbili na mkokoteni uliojaa madumu. Alijitambulisha kwa jina la Mama Nzowa, wa kikundi cha akina mama cha huko milimani. Alikuwa amesimama nyuma ya Mwankenja muda wote, na alikuwa na macho na masikio.

"Shikamoo, afisa."

"Mama, usiniamkie, mimi ndiye wa kukuamkia. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mimi sina maneno mengi. Niandikie hivyo hivyo kama yule mzee aliyetangulia."

"Ngoja kwanza tuonje, mama. Labda una asali humo, tukakuibia."

Mama akacheka kwa adabu. Sekela akadondosha tone, na mawazo yake yote yakiwa kwenye kantini.

"Dizeli ya mbono," ulisema Ulimi. "Imekamuliwa kwa mkono. Mashapo yapo. Inaingia kifungu cha dizeli ya mimea. Inaingia pia kifungu cha mabaki. Mwenye mzigo amekwisha kuchagua mabaki." Na kabla Sekela hajageuka, ukaendelea kwa sauti ile ile ya benki: "Kwa mujibu wa kanuni, mtoa tamko atabomoa mtambo husika kwa nguvu zake binafsi mbele ya shahidi wa serikali."

Mama Nzowa alilitazama bakuli la nyama lililomsemesha. Akavuta ncha ya khanga, akafunika mdomo, akacheka. Kilikuwa kile kicheko kidogo ambacho kila mtu wa nchi hii anacho, anakitoa kwa daktari, kwa mwalimu mkuu, kwa polisi aliyemsimamisha barabarani. Kicheko cha mtu asiyeelewa kitu na asiyetaka kumsumbua mwenye cheo kwa kuuliza.

"Anacheka," ulisema Ulimi. "Ameelewa."

Taa ikawa kijani.

"Subiri!" Sekela alipiga kaunta. "Mimi sijasema!"

"Umekwisha kusema," ulijibu Ulimi.

Mama Nzowa aliwatazama wote wawili, bado ameshika khanga mdomoni. "Kuna ubaya, mwanangu? Nimekosea kitu?"

"Hujakosea, mama. Kinu chenu ni cha nani?"

"Kile? Cha wote. Tunakizungusha kwa zamu. Leo zamu ya bi mdogo wangu, maana mimi nimekuja huku."

Sekela alifuta tamko la mama kwa mikono miwili. Hilo lilikuwa rahisi. Taa ikazimika, mzigo ukarudi mwanzo.

"Tamko limefutwa," ulisema Ulimi. "Funzo limebaki. Litagawiwa jioni."

"Lifute na lenyewe."

"Funzo hufutwa kwa kufuta tamko lililolizaa. Tamko hilo ni la Lwitiko Mwankenja. Hufutwa mzigo ukiwa ndani ya yadi. Mzigo ukitoka getini, halifutwi tena."

Nje, lori la kwanza la Mwankenja liliwasha taa.

*

Sekela hakukimbia. Wacha tuseme ukweli wake: alisimama pale na kutafuta namna ya kutokukimbia.

Alijiambia kwamba mageti ni mengi lakini wanaochagua mabaki ni wachache. Alijiambia kwamba maafisa wa mageti mengine wana akili zao, watawaeleza watu. Kisha akajiuliza watakaocheka ni wangapi. Akajijibu mwenyewe, wote. Mbele ya mwenye muhuri, nani asiyecheka? Vikundi vya akina mama, vijana wenye mapipa mawili nyuma ya nyumba, wazee waliounda vitu kwa vyuma vya daraja. Watasogea kaunta, nyama itawasemesha, watafunika midomo. Na yule ambaye asingecheka kamwe kwa woga, anayecheka kwa kushiba tu, alikuwa pale kantini anachovya chapati.

Mmoja tu. Miaka yote hii alimtaka mmoja tu, na sheria haikuwa na namna ya kumpa mmoja. Ilijua mizigo, haikujua majina.

Alitamani Mama Nzowa asingekuja leo. Alimchukia kidogo, kwa dakika hiyo, mama wa watu na mkokoteni wake.

Lori la kwanza likasogea.

"Mama," alisema Sekela, "nishikie hili bakuli lisipoe."

Bakuli halikuwa na haja ya kushikwa. Ila mama alilikumbatia kwa mikono yote miwili, na Sekela akabonyeza kitufe chekundu cha geti, akatoka.

Mwankenja alikuwa ameona geti limeshuka, amekwisha kusimama na leso kifuani. "Kulikoni, nchi? Umebadili bei?"

"Njoo ndani, mzee."

"Supu itapoa."

"Njoo ndani."

Alimrudisha mbele ya kaunta. Malori yalikuwa yamesimama yamefungana pua na mkia. Sekela alizunguka, akakaa upande wake, akaweka viganja juu ya meza ili pasiwe na kitu cha kuchezea. Akashusha nyusi. Ile pembe ya mdomo ilikataa, kama kawaida, akaiuma kwa ndani mpaka ikakubali.

"Ukichagua mabaki, utavunja mtambo wako kwa nyundo. Wewe mwenyewe. Afisa atasimama mpaka umalize."

Mzee akaanza kucheka. Sekela alisubiri. Alisubiri kama mtu anayesubiri basi analojua litapita. Kicheko kilifika katikati, kikatazama huku na huku, hakikuona mtu wa kucheka naye.

"Unatania," alisema Mwankenja.

"Baba yangu anaitwa Anyosisye, wa Isuto."

"Anyosisye yupi?"

Alikuwa haigizi. Alikuwa anatafuta kweli, macho juu, kama mtu anayejaribu kukumbuka alipoacha miwani. Sekela alidhani amejiandaa kwa kila kitu. Hili hakujiandaa nalo. Kama angekuwa na nyundo mkononi wakati ule, kisa hiki kingeishia mahakamani.

"Mwenye kinu cha mbono," alisema.

"Aah. Kile... ee, kilifungwa. Zamani sana hiyo. Kilifungwa na serikali."

"Hakikufungwa. Alikivunja. Nilikuwa nimemshika koti. Alianza asubuhi na jua lilizama hajamaliza parafujo, afisa akaomba taa. Mikono ilikuwa imechanika hapa." Akaonyesha kwenye mkono wake. "Ulikuwa hujui ulichonunua, mzee? Basi nakuonyesha mzigo wako. Una mapipa mangapi?"

Mwankenja aliitazama mikono yake. Ilikuwa mikono ya mtu anayesaini. Usoni mwake kicheko kilikuwa kinaondoka kwa sehemu, kwanza machoni, kisha mashavuni, mwisho mdomoni, ambapo kilibaki kimening'inia kwa muda bila mwenyewe.

"Nina vijana wanafanya kazi pale," alisema kwa sauti ndogo.

"Baba naye alikuwa na kijana. Alikuwa na mimi."

Mama Nzowa, na bakuli lake kifuani, alikuwa amesogea karibu na kaunta.

"Mwenye mzigo hacheki tena," ulisema Ulimi.

"Sasa muulize," alisema Sekela.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa," alisema Mwankenja.

"Unachagua kifungu kipi?"

"Dizeli ya mimea."

"Tamko la awali limefutwa. Funzo la awali limefutwa. Afisa, kuna funzo jipya?"

Sekela alifikiri. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuongea na Ulimi bila kutafuta neno la kuchekesha. "Anayecheka aulizwe tena," alisema. "Kwa maneno ya nyumbani. Mpaka aache."

"Nimejifunza."

Taa ikawa kijani. Geti likapanda, na malori yakaanza kutoka moja baada ya jingine, mazima, yamejaa, yakielekea kwa wateja wa mtu ambaye kesho angeamka na mapipa yake yote. Sekela aliyatazama mpaka la mwisho. Hakusikia wepesi wowote moyoni. Kama kuna mtu angemwambia kwamba amefanya vyema, angemrushia bakuli.

Mwankenja alikuwa bado amesimama. Alikunja leso, akaikunjua, akaikunja.

"Ulikuwa umenipata," alisema. "Ungekaa kimya tu. Ningekwisha kabisa."

"Najua."

"Basi kwa nini umeniambia?"

Sekela alinyoosha mkono kumpokea Mama Nzowa lile bakuli.

"Sikuwa naongea na wewe, mzee," alisema. "Nipishe, kuna mtu nyuma yako."